Usiku Nao Una Wenyewe



Katika sehemu nyingi za nchi zetu taa ya umeme ni jambo la furaha, na ni haki iwe hivyo. Mtoto anaposoma jioni bila kuchomwa macho na moshi wa kibatari, mkunga anapozalisha akiona vizuri anachokifanya, mama anapopita njiani akimtambua anayemjia, hapo kuna haki iliyotendeka. Katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara bado kuna watu wapatao milioni 600 wasio na umeme nyumbani mwao. Kwa hiyo mtu yeyote anayetaka kusema juu ya madhara ya taa hana budi aeleze kwanza kwamba hatetei giza la umaskini. Sisi hatulitetei. Tunalosema ni hili: usiku nao una wenyewe, na umeme unaweza kuingia mijini na vijijini mwetu bila kuwafukuza.

Wenyewe hao ni viumbe walioumbwa kuishi, kula, kuzaa na kusafiri wakati sisi tumelala. Mtunga Zaburi, katika Zaburi ya 104, alilitambua jambo hili zamani. Aliona kwamba giza linapoingia wanyama wa mwituni hutoka kutafuta riziki yao, na jua linapochomoza wao hurudi kwenye maficho naye binadamu huenda kazini kwake. Dunia moja inatumiwa kwa zamu mbili. Taa zetu, tunapoziwasha ovyo, huivunja zamu ya wenzetu.

KASA NA FUKWE ZENYE TAA

Tuanze na pwani, kwa kuwa huko madhara haya yanaonekana kwa macho. Kasa jike hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo mchangani, hutaga mayai mia moja au zaidi, huyafukia na kurudi baharini. Harudi tena kuyaangalia. Baada ya siku 50 hadi 60 hivi watoto hutoka, kwa kawaida usiku, mchanga ukiwa umepoa. Hawana mama wa kuwaongoza. Kiongozi wao ni mwanga. Katika ufuko usio na taa, upande wa bahari huwa na weupe kidogo kuliko upande wa bara, kwa sababu maji hurudisha mwanga wa mwezi na wa nyota, ilhali nchi kavu ina weusi wa vichaka na miti. Mtoto wa kasa huuelekea upande ulio mweupe zaidi, chini karibu na upeo wa macho. Kwa vizazi visivyohesabika kanuni hiyo imemfikisha majini.

Sasa weka taa kali kwenye baraza ya hoteli, au kwenye ukuta wa nyumba ya mapumziko, ikimulika mchangani. Mtoto yule yule, akifuata kanuni ile ile, hugeuka na kutambaa kuelekea bara. Wengine huzunguka mchangani hadi nguvu zikawaishia, wengine huliwa na kaa, wengine hupondwa na magari, na waliosalia huunguzwa na jua la asubuhi. Kasa majike nao huziepuka fukwe zenye mwanga mwingi. Wapo wanaopanda, wakaona taa, wakarudi baharini bila kutaga.

Katika pwani yetu, kuanzia Lamu na Watamu hadi Mafia, wanaotaga ni hasa kasa wa kawaida na ng'amba. Ng'amba amo katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani. Wanyama hawa hukua polepole; huchukua miaka ishirini, thelathini, hata zaidi, kabla ya kuanza kutaga. Inakadiriwa kwamba kati ya watoto elfu moja wanaotoka mchangani, labda mmoja tu hufikia utu uzima. Hivyo basi, kiota kizima kinachopotelea barabarani usiku mmoja ni hasara ambayo itaonekana baada ya kizazi kizima cha watu.

Wako ndugu zetu wanaojitahidi. Huko Watamu kazi ya kulinda viota vya kasa imefanyika tangu mwaka 1997, wavuvi na wanakijiji wakishirikiana. Katika kisiwa cha Juani, Mafia, wageni hulipa ili washuhudie watoto wa kasa wakienda majini, na sehemu ya fedha hizo hunufaisha kijiji. Yafaa tujiulize: je, ni haki kijiji kilinde kiota kwa siku sitini, halafu taa moja isiyo na kazi iharibu yote kwa saa moja?

KUMBIKUMBI, SENENE NA NONDO

Walioko bara wasidhani kwamba jambo hili ni la watu wa pwani peke yao. Kila mtoto amewaona kumbikumbi wakizunguka taa baada ya mvua. Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Viktoria, Ziwa Tanganyika na Bahari ya Hindi wanalijua somo hili kuliko wengi wetu. Huwasha karabai, au siku hizi taa za betri na za sola, katika usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu hupumzika, kwa sababu taa yao haishindani na mwezi. Huko Bukoba, na Masaka nchini Uganda, senene huvunwa msimu wao unapofika kwa taa kali na mabati yanayowatelezesha hadi kwenye mapipa.

Hatuitaji kazi hiyo ili kuilaumu. Ni chakula na ni biashara halali. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha nguvu ya taa. Taa ya mvunaji wa senene huwashwa kwa msimu na kwa kusudi. Taa iliyosahauliwa ukutani huvuna kila usiku, mwaka mzima, na mavuno yake hayamlishi mtu.

Kwa nini mdudu huzunguka taa hata akafa? Zamani ilidhaniwa kwamba huipenda, au huifananisha na mwezi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024, uliofanywa kwa kamera zenye kasi kubwa, umeonyesha jambo jingine. Wadudu wengi warukao hujua lipi ni juu na lipi ni chini kwa kuuelekeza mgongo wao kwenye mwanga, kwa kuwa tangu mwanzo anga ndilo lililokuwa na mwanga kuliko ardhi. Taa inapokuwa kando yake, mdudu huigeuzia mgongo, mwendo wake ukapinda, naye akaanza kuzunguka asiweze kutoka. Huyo ni msafiri aliyepotezwa, wala hakuja kwa mapenzi yake.

Hasara ya mdudu haiishii kwa mdudu. Vimulimuli huitana kwa mwanga wao wenyewe, dume na jike. Penye taa nyingi wito huo hauonekani, nao hushindwa kukutana. Nondo na wadudu wengine wa usiku huchavusha maua. Mwaka 2017 watafiti nchini Uswisi walieleza jinsi walivyosimamisha taa za barabarani kwenye majani ya malisho ambayo hayakuwahi kuwa na taa. Ziara za wadudu wa usiku kwenye maua zilipungua kwa asilimia 62. Mmea mmoja walioufuatilia kwa karibu ulizaa matunda machache kwa asilimia 13, ingawa nyuki na wadudu wengine wa mchana waliendelea kuutembelea. Kazi ya zamu ya usiku haikuweza kufidiwa yote na zamu ya mchana.

Tuufikirie pia mbuyu wetu. Maua yake makubwa meupe hufunguka jioni, na popo walao matunda ni miongoni mwa wageni wanaoyachavusha. Aina nyingi za popo huukwepa mwanga. Mama anayeuza ubuyu sokoni ana mshirika asiyemjua, mshirika ambaye hahitaji mshahara, ila njia yenye giza ya kupita.

NDEGE WA NGULIA

Kuhusu ndege, mfano mkubwa tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Huko Ngulia, katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, kuna hoteli ya watalii iliyo ukingoni mwa mlima, yenye taa za kuwamulikia wanyama wanaokuja kunywa maji. Katika miezi ya mwisho wa mwaka ndege wadogo kutoka Ulaya na Asia hupita juu yake usiku wakielekea kusini. Usiku ukiwa na mwezi na anga likiwa wazi, hupita zao. Lakini ukungu unaposhuka katika usiku usio na mwezi, hupoteza mwelekeo, huvutwa na taa, na kushuka kwa maelfu.

Tangu mwaka 1969 wataalamu wa ndege wamekwenda pale kuwanasa kwa nyavu, kuwavisha pete ndogo mguuni na kuwaachia. Kwa njia hiyo mamia ya maelfu ya ndege wamevishwa pete, na elimu kubwa imepatikana juu ya safari zao. Hapo wapo watu wanaowapokea na kuwaachia. Katika miji yenye majengo marefu ya vioo hakuna anayewapokea. Hugonga vioo na kufa. Mjini New York kuna miali mikubwa miwili ya taa inayowashwa kila mwaka kuwakumbuka waliouawa tarehe 11 Septemba 2001. Watafiti walikadiria kwamba katika usiku saba waliochunguza kati ya mwaka 2008 na 2016, ndege wapatao milioni 1.1 waliathiriwa na miali hiyo. Lakini walishuhudia pia jambo la kutia moyo: taa zilipozimwa kwa muda mfupi, ndege walitawanyika na kuendelea na safari. Madhara ya taa, tofauti na sumu iliyomwagwa mtoni, huweza kukoma kwa kubonyeza swichi.

MIMEA HUPIMA USIKU

Huenda wengi wetu hatukufikiri kwamba hata mmea una haja ya giza. Mwaka 1920 wataalamu wawili wa Marekani, Garner na Allard, walieleza kwamba mimea fulani, kama vile aina za tumbaku na soya, hutoa maua kwa kufuata urefu wa mchana. Mwaka 1938 wenzao Hamner na Bonner walionyesha kwamba kinachopimwa hasa ni urefu wa usiku: walipoukatiza usiku mrefu kwa mwanga wa muda mfupi tu, mmea haukutoa maua. Wakulima wa maua ya biashara wanaijua siri hiyo na kuitumia. Huwasha taa usiku ili kuchelewesha maua hadi siku ya soko.

Linalokuwa ufundi kwa mkulima wa maua linaweza kuwa hasara kwa mkulima wa chakula. Soya zilizo karibu na taa za barabarani hubaki za kijani zikachelewa kukomaa, wakati zile za katikati ya shamba zimekauka tayari kuvunwa. Mpunga nao huchelewa kutoa masuke karibu na taa. Mbaazi zetu za jadi, na aina nyingi za mtama wa zamani, ni mimea inayongoja usiku urefuke ndipo itoe maua. Kwa hiyo mwenye shamba lililopakana na uwanja wenye taa za usiku kucha ana haki ya kuuliza, na kusikilizwa.

JE, USALAMA WETU?

Hapa tunajua swali litakaloulizwa, nalo ni la haki: mwizi hupenda giza, je, mnataka tuzime taa? Nchini Kenya taa ndefu za mitaani zilipewa jina la Mulika Mwizi, na jina hilo linaeleza kilio cha wananchi. Hatuwezi kukidharau.

Ushahidi uliopo unataka tupime mambo kwa makini. Mjini New York, taa zilipoongezwa mwaka 2016 katika makazi ya watu wa kipato cha chini yaliyokuwa na uhalifu mwingi, makosa makubwa ya nje nyakati za usiku yalipungua kwa kiasi cha asilimia 36. Kwa upande mwingine, uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 juu ya halmashauri 62 za Uingereza na Wales, ambazo baadhi yake zilizima au kupunguza taa za barabarani usiku wa manane, haukupata ushahidi kwamba uhalifu au ajali ziliongezeka. Tunajifunza nini? Kwamba taa iliyowekwa mahali panapopita watu, palipo na hatari, ni mlinzi wa kweli. Na kwamba si kila taa inayowaka usiku kucha humlinda mtu. Taa inayomchoma mpita njia machoni humficha mwizi aliyesimama nyuma yake. Mwanga unaokwenda angani haumlindi yeyote.

NANI HUWASHA, NANI HULIPA?

Sisi tunaliona hili kuwa jambo la haki, na si la wapenda wanyama peke yao. Mara nyingi anayewasha si yule anayepata hasara. Bango la biashara huwaka usiku kucha juu ya mtaa ambao nyumba zake hazina umeme. Ufuko humulikwa kwa ajili ya wageni, huku upande wa pili wa ukuta kijiji cha wavuvi kikitumia kibatari. Hasara humwendea mvuvi, mkulima, mlinzi wa kiota, na viumbe wasio na msemaji katika kikao chochote. Na mwanga unaopotea angani umelipiwa: ni fedha za halmashauri, za shule, za zahanati, au za parokia.

Kuna hasara nyingine isiyopimwa kwa fedha. Wazee wetu walikitazama Kilimia, kundi lile dogo la nyota ambalo jina lake latokana na kulima, ili wajue majira ya shamba. Taarifa iliyotolewa mwaka 2023, kutokana na hesabu za nyota zilizofanywa na wananchi wa kawaida, hasa wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2011 na 2022 mwanga wa angani uliongezeka kwa asilimia 9.6 hivi kila mwaka. Kwa kasi hiyo, mtoto aliyezaliwa mahali panapoonekana nyota 250 ataona 100 tu atakapotimiza miaka 18. Nchi hizo sasa zinarudi nyuma kwa gharama. Ufaransa, kwa mfano, ilitoa kanuni mwaka 2018 za kuzima taa za maduka na ofisi usiku na kuzuia mwanga unaopanda angani. Sisi ambao tunaweka taa zetu sasa tuna nafasi ya kuziweka vizuri tangu mwanzo. Hakuna sababu ya kuununua ugonjwa ili baadaye tununue na dawa yake.

TUFANYE NINI?

Hatupendekezi mambo makubwa. Kila taa ya nje na iulizwe maswali machache. Je, inahitajika? Kama inahitajika, na imulike chini, mahali pa mguu, ikiwa na kofia ya kuzuia mwanga usiende juu wala pembeni. Nguvu yake iwe ya kutosha kazi, isizidi. Rangi yake ielekee njano ya kaharabu kuliko ule weupe wenye ubuluu, kwa sababu mwanga wa buluu hutawanyika zaidi angani na huvuta wadudu wengi zaidi. Na iwake saa zinazotumika. Zipo taa za sola zinazoongeza mwanga mtu anapokaribia na kuupunguza akishapita.

Kwenye fukwe wanakotaga kasa uangalifu uzidi. Taa ziwe chini, zimekingwa zisionekane kutoka mchangani, ziwe za kaharabu au nyekundu, na mapazia yafungwe msimu wa kutaga. Huko Florida, nchini Marekani, wilaya nyingi za pwani zimeyaweka mambo haya katika sheria ndogo, na watalii wanaendelea kuja.

Viongozi wa walei wana wajibu wa pekee. Sheria ya Kenya ya mwaka 1999 na ile ya Tanzania ya mwaka 2004 kuhusu mazingira zinataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari zake, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Hoteli au uwanja mpya unapopangwa, tuhudhurie vikao na kuuliza habari za taa kama tunavyouliza habari za maji taka. Na ili neno letu liwe na uzito, tuanze nyumbani: taa za uwanja wa kanisa, za mnara, za ukumbi na za nyumba ya mapadre. Ile inayolinda mlango ibaki. Ile inayomulika mawingu izimwe baada ya ibada.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu, ni taa zipi zinazomlinda mtu, na ni zipi zinazowaka bila kazi? Ni mahali gani penye hatari ambapo bado hapana taa?

2. Wazee waeleze: ni viumbe gani wa usiku waliokuwa wakionekana au kusikika hapa, ambao leo vijana hawawajui?

3. Nani ana mamlaka juu ya taa za barabarani, za mabango na za ufukweni katika eneo letu, na ni nani kati yetu atakayekwenda kuonana naye?

4. Parokia yetu inaweza kubadili taa gani kabla ya mwezi huu kwisha?